Nani anasema ndani ya kitabu cha shule?



Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Ninaleta swali la mama mmoja mhami, aliyenisimamisha nikitoka sokoni. Aliniambia hivi: «Mwalimu wa mtoto wangu anawasomea darasani kitabu cha mtu wa inchi jirani. Sisi tumekimbia vita, tumeacha nyumba na mashamba, na kila siku tunasikia ubaya wa watu wa kule. Kwa nini mtoto wangu akae chini asikilize maneno yao? Vitabu vyetu sisi viko wapi?»

Nilitaka kumjibu palepale, nikashindwa. Swali lake lilikuwa mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza: vitabu vyetu viko wapi? La pili: kwa nini mtoto amsikilize mwingine? Nimeona ni vizuri tuyajibu kwa kufuata historia, maana ugomvi juu ya nani aseme ndani ya kitabu cha shule ulianza Kongo zamani, kabla ya vita hivi na kabla yetu sisi kuzaliwa.

Wakati shule ilikuwa misioni

Mwaka 1906 mfalme Leopold wa Pili alipatana na Vatikano kwamba misioni za Katoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Miaka miwili baadaye, mwaka 1908, Kongo ikatoka mikononi mwa mfalme ikawa koloni ya serikali ya Ubelgiji, lakini mapatano hayo yaliendelea. Katika miaka ya 1920 serikali ilianza kutoa pesa kwa shule za misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, na karibu zote zilikuwa za Katoliki. Waprotestanti walikuwa na shule zao, lakini walingoja mpaka baada ya vita vya pili vya dunia ndipo wakapata msaada kama huo. Shule za serikali zisizo za dini, kwa watoto Wakongo, zilifunguliwa mwaka 1954 tu. Kutoka hapo mpaka uhuru ilibaki miaka sita.

Kwa hiyo, kwa karibu miaka 50, aliyechagua kitabu cha mtoto alikuwa padri au mchungaji. Tusikose shukrani: hao ndio waliofundisha babu zetu kusoma na kuandika. Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba zilipata vitabu vya shule, na mtoto wa madarasa ya chini alisoma kwa lugha aliyoisikia. Koloni nyingi hazikufanya hivyo.

Lakini tufungue vitabu vile tuone nani anasema ndani yake. Ni katekisimu, hadithi za Biblia, maisha ya watakatifu, usafi wa mwili, kilimo, hesabu. Wachache waliopanda juu walipata Kifaransa, na pamoja nacho historia ya Ubelgiji na hadithi za wanyama za La Fontaine. Katika madarasa ya chini lugha ilikuwa ya mtoto, lakini msemaji alikuwa mwingine. Mtoto aliweza kumaliza miaka yake yote ya shule bila kukutana na ukurasa hata mmoja ulioandikwa na mtu mweusi.

Je, hapakuwa na Mkongo wa kuandika? Alikuwapo, na alitoka huku kwetu mashariki. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu karibu na ziwa Tanganyika, alisoma kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1910 maandishi yake ya Kifaransa juu ya namna watu wake wanavyowaza yalianza kutoka katika gazeti la Ubelgiji. Mwaka 1917 akapewa upadri, wa kwanza kati ya wazaliwa wa Kongo katika wakati wa Wabelgiji. Wataalamu wanamhesabu katika waandishi Wakongo wa kwanza kabisa wa Kifaransa. Lakini gazeti lile lilisomwa na Wazungu waliotaka kumjua mtu mweusi. Halikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa Mpala au wa Kalemie aliyekaa kwenye benchi. Sauti yetu ilikuwa imeandikwa tayari, lakini haikuingia darasani.

Tena kuna jambo moja juu ya La Fontaine ambalo wazee wetu hawakuambiwa. Mfaransa yule aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi za wanyama mwaka 1668 hakuzibuni zote mwenyewe. Nyingi alizichukua kwa Esopo wa Ugiriki ya kale, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mtumwa. Katika kitabu cha mwaka 1678 alikiri mwenyewe kwamba ana deni kwa mwenye hekima wa Uhindi anayeitwa Pilpay. Hadithi hizo za Kihindi ndizo zilizopita Uajemi na Uarabuni kwa jina la Kalila na Dimna, zikafika mpaka pwani ya Waswahili. Kumbe kitabu kilichopewa babu zetu kama hekima ya Wazungu kilikuwa na watu wengi ndani: Mgiriki, Mhindi, Mwajemi, Mwarabu. Na mtoto wa Katanga aliyemjua Kalulu, sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili, angeweza kuinua mkono na kusema: «Mwalimu, hata kwetu iko.» Lakini hakuna aliyemwuliza.

Mamba wa Lomami Tshibamba

Vita vya pili vya dunia vilipoisha, mambo yalianza kutikisika. Mwaka 1945, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, lilianzishwa gazeti «La Voix du Congolais», yaani Sauti ya Mkongo. Waliolisoma na kuliandikia walikuwa makarani, walimu, wauguzi, watu walioitwa évolués. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyolipa na kulichunga. Mkubwa wa waandishi wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba, mshairi, ambaye mwaka 1955 alitoa Paris kitabu chake «Esanzo», nacho kikaandikiwa utangulizi na Léopold Sédar Senghor wa Senegal.

Katika gazeti hilo, mwaka huohuo wa 1945, Paul Lomami Tshibamba aliandika makala ya kuuliza: nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho? Swali hilo lilimletea taabu na wakubwa wa koloni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, kitabu chake «Ngando» kilipata zawadi huko Brussels. Ngando kwa Lingala ni mamba. Ni hadithi ya mtoto wa Kinshasa anayekamatwa na mamba mtoni, na baba anayemtafuta katika dunia ya mizimu. Kilikuwa kati ya riwaya za kwanza za Mkongo kwa Kifaransa.

Angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Zawadi ilitolewa Ubelgiji, kitabu kikasifiwa Ubelgiji, na mwenyewe akavuka mto akaishi Brazzaville, ambako aliongoza gazeti lingine, «Liaison», katika miaka ya 1950. Sauti yetu iliruhusiwa kwenda kuonyeshwa mbali, huku nyumbani mwenye sauti akiangaliwa kwa jicho la mashaka.

Ndiyo jibu la kwanza kwa yule mama. Vitabu vyetu vilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwa mwandishi kufika kwenye benchi la mtoto.

Baada ya uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru tukiwa na watoto wengi waliopita shule ya msingi, lakini waliomaliza yuniversite walikuwa wachache sana. Lovanium, yuniversite ya kwanza, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954, na ya Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1956. Walimu wa sekondari wengi walikuwa Wazungu. Vitabu vilibaki vilevile.

Majirani zetu walikuwa na ugonjwa uleule, kwa lugha nyingine. Huko Nairobi, mwezi wa 10 mwaka 1968, walimu watatu wa yuniversite, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika barua wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema kwamba Shakespeare atupwe. Hoja yao ilikuwa ya mahali pa kusimama: kwa nini mtoto wa Afrika asimame London ndipo aiangalie Afrika? Asimame kwao kwanza, na fasihi yake ya mdomo iwe somo kamili, kisha aangalie Ulaya, Asia na Amerika. Huko Tanzania, Rais Julius Nyerere alikuwa ametafsiri «Julius Caesar» ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Na riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1958, ilipatikana kwa Kifaransa mwaka 1966 na kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la «Shujaa Okonkwo». Mtoto wa Kivu au wa Ituri anayejua Kiswahili anaweza leo kumfuata mtu wa kabila la Igbo, umbali wa maelfu ya kilometa, bila kupitia Kifaransa wala Kiingereza.

Kwetu mlango ulifunguliwa zaidi na Kifaransa cha Waafrika wa magharibi. Katika sekondari nyingi za Kongo wanafunzi walianza kusoma «L'Enfant noir», Mtoto mweusi, kitabu cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka mwaka 1953. Mimi mwenyewe nilikutana nacho hivyo. Darasa zima tulikuwa na nakala moja, ganda lake limeng'oka. Mwalimu alisoma kwa sauti, sisi tulisikiliza, kisha akaandika kipande ubaoni tunakili. Tulipofika kwa baba yake Camara, fundi wa chuma na wa dhahabu, na kwa yule nyoka mdogo mweusi anayekuja karakanani kumtembelea, kijana mmoja wa nyuma aliinuka. Hakuwa mtu wa kusema sana, na lugha yake ya nyumbani sisi tuliicheka. Akasema kwao wahunzi wana miiko yao, akaieleza mmoja mmoja, mpaka kengele ikalia. Miaka miwili tulikaa naye darasa moja bila kujua kwamba babu yake alikuwa mhunzi. Mtu wa Guinea ndiye aliyetufanya tumsikilize mwenzetu.

Lakini mwalimu yule alikuwa mwangalifu. Hakutuacha na kitabu kimoja. Alitueleza kwamba Mongo Beti wa Kamerun alimlaumu Camara Laye: anawezaje kusimulia Afrika tamu ya utoto wake, akanyamaza juu ya ukoloni? Ndipo akatusomea kurasa za «Une vie de boy» ya Ferdinand Oyono, naye wa Kamerun, ya mwaka 1956. Huyo ni Toundi, boyi wa nyumba ya mkubwa Mzungu, anayeandika kila siku anayoyaona, na mwisho wake ni mbaya. Tulijifunza kwamba hata Waafrika wawili hawasemi neno moja. Kuwasoma watu mbalimbali maana yake ni pia kusikia wakibishana.

Sauti moja tena

Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 tuliambiwa tuache majina ya Kikristo, turudi kwa mababu. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, na mwaka huohuo wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi wakaomba lugha zetu zipewe nafasi kubwa zaidi katika masomo. Kwa masikio ya mtu aliyesoma mambo ya Ubelgiji miaka 50, hizo zilikuwa habari njema. Hatimaye sisi!

Na kweli kuna mema yaliyotoka. Zamenga Batukezanga aliandika kwa Kifaransa chepesi juu ya mambo ambayo kila mtu aliyajua: kijiji, uchawi, ndoa, kijana aliyesoma na kusahau kwao. «Bandoki» ilitoka mwaka 1973, «Carte postale» mwaka 1974. Wanafunzi waliazimana vitabu vyake mpaka karatasi zikalegea. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alitoa mwaka 1973 «Entre les eaux», riwaya ya padri Mkongo anayekwenda kujiunga na wapiganaji msituni. Kitabu hicho kilionyesha kwamba Mkongo anaweza kuuliza maswali mazito kama mtu yeyote wa dunia.

Lakini aliyefungua mlango alisimama palepale mlangoni. Shuleni asubuhi ilianza kwa kuimba na kumchezea Mobutu, na vijana wa chama walikuwa macho. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1966 tamthilia juu ya kifo cha Lumumba, na ndani yake kuna mkubwa wa jeshi anayeitwa Mokutu. Mnaweza kujua wenyewe kama mwalimu wa wakati ule angethubutu kuifungua mbele ya wanafunzi. Shule zilirudishwa kwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, zikiwa zimechoka. Mudimbe akaondoka inchini, akafundisha Marekani, akafia huko mwaka 2025. Ngũgĩ naye, baada ya gereza na uhamisho, alifia Marekani mwaka huohuo. Wote wawili walikuwa, kwa namna yao, watu waliolazimika kuacha kwao.

Fundisho la miaka ile tusilisahau. Kuondoa kitabu cha Mbelgiji na kuweka kitabu cha kwetu hakutoshi, ikiwa cha kwetu nacho ni sauti moja inayoamuru. Mtoto aliyefundishwa kwamba anayestahili kusema ni mkubwa mmoja, ataamini hivyo hata mkubwa akibadilika.

Kitabu cha maboyi wa Lubumbashi

Kuna kitabu kimoja ninachotamani walimu wetu wakijue. Mwaka 1965, huko Lubumbashi, watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu waliamua kuandika historia ya mji wao. Aliyeshika kazi ya kuandika aliitwa André Yav. Walikiita «Vocabulaire de ville de Elisabethville», na lugha yao ilikuwa Kiswahili cha Katanga, kile kinachosemwa sokoni na jikoni, si cha vitabu. Ndani yake wanahesabu mishahara, majina ambayo watu waliwapa mabwana wao, hofu za usiku, safari za kufika mgodini. Hawakuomba ruhusa kwa mtaalamu yeyote.

Kitabu hicho hakikuingia shuleni. Kilikuwa karatasi zilizopigwa kwa mashine, mpaka mtaalamu kutoka Ulaya, Johannes Fabian, akakichapa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yaani historia ya Wakongo, iliyoandikwa na Wakongo, kwa Kiswahili, ni rahisi zaidi kuipata katika maktaba ya yuniversite ya ng'ambo kuliko katika shule ya Lubumbashi au ya Bukavu. Fikirini mwalimu angekuwa na vitabu viwili mezani: kile cha Oyono, cha boyi aliyebuniwa, na hiki cha maboyi wenyewe. Mtoto ambaye babu yake alipika na kufua kwa Wazungu angekaa wima kwenye benchi.

Nawaambia haya ili tuache kufikiri kwamba mwandishi ni mtu wa mbali mwenye diploma. Wale maboyi wa zamani walikuwa na karatasi, kumbukumbu na nia. Wahami wetu wa leo wana mambo ya kusimulia kama wao.

Darasa la leo

Sasa turudi kwa mama yangu wa sokoni na swali lake la pili: kwa nini amsikilize mwingine?

Madarasa yetu ya leo siyo yale ya misioni. Benchi moja, watoto watano au sita. Huyu ametoka Masisi, huyu Rutshuru, huyu Fizi, huyu Djugu, huyu ni mwenyeji wa mtaa. Lugha za nyumbani ni nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na hivyo watoto wamekuwa wengi kuliko viti, na vitabu ni vichache kuliko viti. Hata ng'ambo ni hivyo: huko Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa, watoto walisomeshwa kwa programu ya Kongo, na darasa moja likawachanganya watu ambao huku wasingekutana.

Pale kitabu kinapokosekana, mtoto hakai bila msimulizi. Simu inasimulia. Sauti za kutukana kabila hili na kulaani lile zinapita kutoka mkono hadi mkono, na mtoto wa miaka 12 anazijua kwa kichwa. Kwa hiyo swali siyo kama mtoto wako atasikia habari za jirani. Atazisikia tu. Swali ni kama atazisikia kwa jirani mwenyewe, akisimulia utoto wake na msiba wake, au kwa mtu anayemchukia.

Kitabu ambacho mwalimu yule alikuwa anasoma ni «Petit pays», Inchi ndogo, cha Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura. Kilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari za Ufaransa wakakichagua kwa zawadi yao inayoitwa Goncourt des lycéens. Ni hadithi ya Gaby, mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda mkimbizi. Anacheza na wenzake, wanaiba maembe, mpaka vita vya mwaka 1993 vinaingia katika njia yao ndogo. Wenzake wanataka kila mtu achague upande. Katika njia hiyo anaishi mama mmoja wa Kigiriki mwenye kabati kubwa la vitabu. Anamwazima Gaby kimoja, halafu kingine. Vitabu havisimamishi vita. Lakini vinampa mtoto mahali pa kukaa ambapo halazimishwi kuchukia mtu.

Nimemweleza yule mama hadithi hiyo, taratibu, tukiwa tumekaa kwenye kivuli. Aliponyamaza muda mrefu, nilidhani amekasirika. Kisha akauliza: «Na mama yake, huyo Mnyarwanda, alipata nini?» Nikamwambia alipoteza watu wake mwaka 1994, na akili ikavurugika. Akasema: «Kumbe.» Hakusema kwamba amebadilisha mawazo, nami sitawadanganya kwamba alibadilisha. Alisema atamwuliza mtoto wake hadithi imefika wapi.

Mimi simlaumu, wala simwambii asahau aliyoyapata. Kumsikiliza mtu siyo kumsamehe kwa lazima, wala siyo kusema kwamba hakuna aliyekosa. Walimu nao wajue hatari. Mtoto aliyeona nyumba yao ikichomwa asilazimishwe kusoma kwa sauti ukurasa wa nyumba kuchomwa. Aruhusiwe kutoka nje, au kunyamaza. Na kitabu cha jirani kisisomwe peke yake, kana kwamba yeye tu ndiye mwenye machozi. Kiwekwe pamoja na cha kwetu, kwa zamu. Leo Gaël Faye, kesho Zamenga, kesho kutwa Camara Laye, na siku ya nne bibi wa mtaa aje asimulie ya kwao.

Najua mtanijibu kwamba vitabu ni bei, na kwamba mwalimu anakimbizana na programu ya mtihani wa Serikali. Ni kweli. Lakini historia niliyowasimulia inaonyesha kwamba mlango huu haukufunguliwa na pesa nyingi. Sisi tulikuwa na nakala moja isiyo na ganda, ubao, na mwalimu mwenye sauti. Saa moja kwa wiki inatosha kuanza. Kipande cha nusu ukurasa ubaoni kinatosha. Na pale pasipo na kitabu kabisa, watoto waandike wanayoambiwa na wazazi wao, kila mmoja ya kwao, wasomeane.

Kwa hiyo, mama, kama unasoma au unasomewa haya: vitabu vyetu vipo, tangu Kaoze mwaka 1910, na una haki ya kumdai mwalimu avilete. Mdai. Ila usimwombe afunge kile cha jirani ili kufungua chetu. Wabelgiji walifanya hivyo kwa upande wao, Mobutu akafanya kwa upande wake, na sisi ndio tuliobaki na rafu tupu.

Mwenye nakala ya kitabu chochote nilichokitaja, hata iliyochanika, na anaweza kuiazima shule ya jirani yake, afanye hivyo wiki hii. Na mzee mwenye hadithi ya kwao, asingoje kuitwa. Aende shuleni, abishe hodi.

Ni mimi, mwandishi wenu wa mtaa. Amani kwenu nyote.